Tundu la Kichwani na Jina la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, uliyelala Bwegera,

Sijui kama huko uliko barua zinafika, lakini wewe ulikuwa mtu wa kuwauliza maswali hata kuku, kwa hiyo naamini utapata njia ya kuisoma hii. Juma lililopita mjukuu wako wa kwanza, yule anayesomea uuguzi hapa Uvira, alirudi nyumbani na habari ambayo ingekunyima usingizi. Anasema siku hizi, kwenye hospitali kubwa za nchi za nje, mtu akivuja damu ndani kabisa ya ubongo, madaktari hawalazimiki kumfungua kichwa kizima kama watu wanaopasua boga. Wanatoboa tundu dogo, wanapitisha mrija mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha, wanatazama ndani kupitia televisheni, na damu wanaifyonza polepole kwa njia ileile. Nilimuuliza mrija unapitaje pasipo kuharibu kitu. Akasema wanachagua mahali ambapo ubongo hauna kazi nyingi. Nikacheka peke yangu, maana nilikusikia kabisa ukiuliza: na nani aliwaambia kwamba mahali pale hapana kazi?

Wewe tundu lako ulilibeba miaka mingi, upande wa kulia, juu ya sikio. Kila mgeni ulimruhusu aliguse, kisha unamuuliza amehisi nini. Ulimsimulia kila mtu habari za kuchimbwa kichwa, lakini ulikuwa unaijua nusu tu, Baba. Nusu nyingine ulilala. Mimi niliyekuwa macho sikuweza kukusimulia, kwa sababu mkaza-mwana wa kwetu haketi na baba mkwe wake akampigia hadithi. Sasa umekwenda, na nadhani heshima inaniruhusu angalau nikuandikie.

Unakumbuka tulivyoishi pale Bwegera, bondeni, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa? Nilikuwa sili mbele yako. Nilikuwa sikalii kigoda chako hata ukiwa shambani. Sikukutazama usoni, na zaidi ya yote sikutaja jina lako. Hilo la jina ndilo lililonitesa, kwa sababu jina lako lilikuwa limetokana na hesabu ya Kirundi, kama kawaida ya wazee wetu waliozaliwa katika nyumba yenye watoto wengi. Kwa hiyo hata hiyo namba yenyewe nilikatazwa. Wakati wa mavuno nilihesabu vikapu vya mpunga mbele ya watu wote: tano, sita, saba, saba na moja, tisa. Wavunaji walikuwa wananisubiri nifike hapo wacheke. Wewe ulikuwa unageuka upande wa mfereji, mabega yakikutikisika, ukijifanya unakohoa.

Jina la ubatizo ulikuwa nalo, Gaspari, nalo halikukatazwa kwa kuwa ni jina la kanisani. Lakini ulilivaa siku ya Pasaka tu. Padri alikuwa akiliita mara tatu ndipo mama mkwe anakusukuma kwa kiwiko uitike.

Ulivyoanguka, hilo unalijua. Tulikutana uso kwa uso juu ya tuta jembamba kati ya mashamba, mimi na mzigo wa miche kichwani, wewe na jembe begani. Mkaza-mwana na baba mkwe hawapishani kwa kugusana nguo, na tuta lile halikutosha watu wawili. Nilitaka kurudi nyuma, wewe ukawahi kushuka pembeni ili nipite. Mguu ukateleza, ukaanguka chali, kisogo kikagonga ubao wa kufungia maji. Niliusikia ule mlio. Uliinuka ukiwa na tope hadi mgongoni, ukaniambia huku ukitazama ng'ambo, "Pita, binti, adabu imenishinda uzito." Tulicheka, kila mmoja upande wake. Hapakuwa na jeraha. Jioni ulikula vizuri, na mama mkwe alikupaka samli mahali palipovimba, habari ikaishia hapo.

Au ndivyo tulivyodhani. Majuma machache baadaye risasi zilianza kusikika upande wa Luvungi. Mama mkwe na mwanao, mume wangu, walitangulia na mizigo, wakavuka kwenda Burundi kututafutia pa kulala. Sisi wawili tukabaki kwa sababu ulikataa kuacha mpunga uliokuwa umeanikwa uani. Tulipofika Kavimvira, hapa Uvira, juu ya lori la chumvi, mpaka ulikuwa umefungwa. Wao ng'ambo, sisi huku. Jamaa yenu mmoja wa pale Kavimvira akatupa chumba cha nyuma, wewe ukalala ndani, mimi nikalala jikoni.

Hebu fikiria aibu ile! Watu wawili wasioruhusiwa kutazamana, wamebaki peke yao katika mji wa wakimbizi. Nilikuwekea chakula mlangoni, nikakohoa, nikaondoka. Wewe ulikula, ukakohoa, nikaja kuchukua sahani. Mwenye nyumba akasema nyumba yake imeingiliwa na kikohozi.

Hapo ndipo nilipoanza kukuona unabadilika. Kwanza ulilalamika kichwa, ukapewa kwinini. Halafu ukawa unalala mchana. Siku moja ulivaa mkono mmoja wa shati, mwingine ukauacha unaning'inia, ukatoka hivyo hadi barabarani. Watu walikuwa na maelezo yao: ni malaria ya kichwa, ni uzee, ni majonzi ya mpunga, ni pombe ya jirani. Kila aliyepita alikuwa daktari.

Mimi nilijua kitu kimoja ambacho wao hawakukijua, na wala si kwa akili yangu. Kwa kuwa sikuruhusiwa kukutazama usoni, nilikuwa nakufahamu kwa miguu. Mwaka mzima nilikuwa nimeitazama miguu yako kuliko mama yako alivyoitazama. Na pale uani Kavimvira, kwenye mchanga, mguu wako wa kushoto ulikuwa umeanza kuchora mstari. Wa kulia unakanyaga, wa kushoto unaburuta. Sikumwambia mtu, maana ningesemaje? Kwamba nimekuwa nikichunguza nyayo za baba mkwe?

Asubuhi moja nilikohoa mlangoni, hukukohoa. Nikakohoa tena. Nikaingia. Ulikuwa umelala chali, unakoroma kwa namna isiyo ya usingizi, na mate yamechuruzika shavuni. Nikaita "Papa! Papa!" Hakuna. Mwenye nyumba alikuja na mkokoteni wa kubebea magunia, tukakupakia juu ya mkeka, akausukuma hadi hospitali huku mimi nikikufunika jua kwa kitenge. Tulipofika akarudi mbio, kwa sababu ilikuwa inasemekana wanaume wanakamatwa wakabebeshwe risasi.

Pale mapokezi muuguzi aliniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Gaspari. Akaandika Gaspari. Nilijiona nimetoka salama kabisa.

Daktari alikuwa kijana kutoka Bukavu, mwembamba, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu vita vianze. Kirundi hakujua hata neno. Alikuinamia akapiga makofi karibu na sikio lako.

"Papa Gaspari! Papa Gaspari! Iko nasikia?"

Kimya. Akakufinya kwenye ukucha, ukanung'unika na kuuvuta mkono. Akaita tena lile jina, mara nyingi, kwa sauti ya kuamsha wadi nzima. Wazee wawili wa vitanda vya jirani waliamka na kuitika. Wewe hukuitika.

Akaniuliza kama ulianguka. Nikamwambia ulianguka kwenye mfereji, karibu miezi miwili imepita. Akakuna kidevu. Nilipouliza, akanieleza bila kunidharau, na maneno yake nimeyabeba hadi leo. Alisema ukigonga kichwa, mshipa mdogo unaweza kuchanika kati ya mfupa na ubongo. Haupasuki kwa kishindo; unavuja polepole, siku baada ya siku, na mtu anaendelea kula na kucheka. Lakini kichwa hakina nafasi ya akiba. Damu ikijaa inausukuma ubongo pembeni, na mtu anaanza kupotea kidogokidogo hali yuko hapohapo.

"Sasa itatokaje?" nikamuuliza.

"Tunatoboa tundu. Kidogo tu, haipiti kifuniko ya chupa. Ile damu ya zamani inatoka yenyewe." Kisha akatazama dirishani, upande wa ziwa. "Lakini mama, kwanza inafaa niione kwa picha. Mashine ya picha iko Bujumbura, na mpaka imefungwa."

Kutoka pale dirishani mabati ya Bujumbura yalikuwa yanang'aa ng'ambo ya maji. Mwanao alikuwa chini ya mojawapo, labda anakunywa chai.

"Na bila picha?"

"Bila picha, pengine si damu ya zamani. Pengine ni mushipa kubwa yenye ilipasuka leo asubuhi, na nikitoboa nitamuua. Kama angekuwa bado anasikia maneno, ningejaribu. Muntu mwenye anasikia akiitwa, ubongo yake iko bado inapigana. Lakini huyu, unaona mwenyewe. Namuita, haitike. Tumuache apumzike."

Akaanza kuondoka. Ulikuwa unaachwa ufe kwa sababu hukuitikia jina ambalo hata ukiwa mzima, umekaa kanisani na viatu vyako vimepakwa mafuta, ulikuwa huliitikii!

"Dokta," nikasema. "Ile jina si yake."

Akageuka. "Njo jina yenye uliandikisha."

"Ni yake, lakini hajuake kuitika."

"Sasa anaitwaka nani?"

Nikafungua mdomo. Hila zangu zote za saba na moja zilinikimbia, sikukumbuka hata moja. "Miye siwezi kuitaja," nikasema.

"Juu ya nini?"

Muuguzi, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amewahi kufanya kazi huko kwetu bondeni, akamwambia taratibu, "Dokta, huyu ni bibi ya mutoto yake. Kwabo bamama hawatajake jina ya papa mukwe. Akiitaja ni kama amemutukana mbele ya watu. Wanaweza kumurudisha kwabo."

Nilidhani daktari atanifokea. Akavuta kigoda akaketi, akasema kwa upole, "Mama, miye siko wa hapa, desturi yenu siijui. Lakini weye njo unajua: akiamka, atapenda akukute umenyamaza?"

Sijui. Hilo ndilo nililokuwa najiuliza mimi mwenyewe. Nilikuwa na umri wa kuweza kuwa binti yako wa mwisho, sina mtoto, mume yuko ng'ambo, na kitu pekee nilichokuwa nacho duniani ni nyumba ile ya kwenu nilimokubalika. Nikikaa kimya, utakufa, na hakuna atakayenilaumu. Watasema mkaza-mwana yule ana adabu. Nikisema, huenda ukapona ukanifukuza.

Nikainama sikioni mwako, nikalisema kama mtu anayeiba. Hukutikisika.

"Hapana hivyo," akasema daktari. "Muite kama nyumba iko inawaka moto."

"Minani!"

Ukuta ulilirudisha.

"Minani! Minani weee! Amka!"

Ukafungua macho. Si sana, kama mtu anayechungulia mvua, lakini ulifungua. Daktari aliruka kutoka kwenye kigoda. "Mwambie anyanyue mikono!" Nikakwambia kwa Kirundi. Ukanyanyua wa kulia. Wa kushoto ukabaki juu ya blanketi. Akaniuliza udhaifu ulianzia wapi, kama kuna mtu aliyeona. Nikamweleza habari ya mstari mchangani, mguu wa kushoto, na kwamba ulikuwa ukidhoofika kidogokidogo wiki baada ya wiki. Akaniambia mwili wa kushoto unaongozwa na ubongo wa kulia, na kwamba kitu kinachokuja polepole hivyo mara nyingi ndicho hicho alichokuwa anakitafuta. Akaweka kidole upande wa kulia wa kichwa chako. "Tutatoboa hapa," akasema, kama fundi anayeonyesha pa kuweka mlango.

Ulikuwa unapenda kuuliza iwapo uliimba wakati wa kutobolewa, kwa kuwa mtu fulani alikudanganya hivyo. Hukuimba. Dawa ya kumlaza mgonjwa ilikuwa haba, ya kufisha ngozi ilikuwapo, kwa hiyo daktari aliamua usilazwe kabisa, na mimi nivalishwe gauni la kijani niketi karibu nawe, nikuite kila unapotaka kuzama. "Asilale," alisema. "Ile jina njo kamba yetu."

Nikakuita, Baba. Nilikuita asubuhi ile kuliko mama mkwe alivyokuita katika maisha yenu yote. Mwanzoni nililitamka nikiwa nimefumba macho. Baadaye ulimi ukazoea. Na sasa nikwambie jambo la aibu zaidi ya jina: woga ulipopungua, nilitaka kuona. Nilisimama kwenye ncha za vidole nikachungulia juu ya shuka.

Walikunyoa upande mmoja. Wakakudunga sindano. Daktari akachana ngozi, mchano wa urefu wa kidole gumba, akauachanisha kwa vyuma viwili, na mfupa ukaonekana, mweupe wenye umanjano kama jino la mzee. Kisha akashika keekee. Ndiyo, keekee ya kuzungusha kwa mkono, sawa na ile ya seremala! Akaanza kuzungusha polepole, muuguzi akimwagia maji, na unga wa mfupa ukawa unatoka umelowa kama uji. Mlio wake ulikuwa wa kinu cha mkono kinachosaga mahindi mabichi. Nilikuwa nakuita, na huku najiuliza: atajuaje kusimama? Akizidisha mzunguko mmoja tu?

Akasimama. Sijui alijuaje. Ndani ya tundu palikuwa na ngozi nyororo yenye rangi ya buluu. Akaigusa kwa ncha ya kisu, na papo hapo kikatoka kitu nilichodhani ni mafuta ya gari yaliyochakaa: cheusi, chepesi, kikitoka kwa nguvu kama kilikuwa kimechoka kungoja. Kilimrukia hadi kwenye aproni. Daktari alicheka, nami sikuelewa kwa nini mtu anacheka akirukiwa na damu, mpaka niliposikia muuguzi akisema, "Asante Mungu, njo yenyewe, ya zamani."

Na hapo ndipo ulipozungumza. Baada ya siku zile zote za kusinzia, ulisema kwa sauti kavu ya mwenye shamba:

"Ayo mazi ni ya nde?"

Maji hayo ni ya nani! Ulidhani mtu amefungulia mfereji nje ya zamu yake. Daktari akauliza umesema nini, nikamtafsiria, akalazimika kusimama kidogo kwa sababu mkono wake ulikuwa unatikisika kwa kicheko. "Mwambie ni yake," akasema. "Mwambie zamu ni yake." Nikakwambia. Ukaguna kwa kuridhika. Akaosha mle ndani kwa maji ya chumvi yaliyopashwa moto, akaweka mpira mwembamba wa kuchuruzisha yaliyobaki, akashona. Kesho yake mkono wa kushoto ulishika kikombe.

Kuanzia hapo unaikumbuka habari kuliko mimi, maana uliirudia vya kutosha. Ulimsumbua yule kijana wa watu kila alipopita. Damu ilikuwa nyeusi kwa nini? Tundu litaota mfupa au litabaki? Hewa haitaingia? Alipokuletea ile keekee uione, ukaizungusha hewani, ukamuuliza swali lilelile lililokuwa limenikaa mimi rohoni: ilijuaje kusimama? Akakwambia mfupa ukikaribia kwisha, mkono unahisi. Ulikaa na jibu hilo siku nzima. Jioni ulisema kuelekea mlangoni, nilipokuwa nimeketi, lakini si kwangu hasa: "Kumbe kichwa nacho kina tuta, na tuta likivuja ndani huoni tope." Nilifurahi sana.

Lakini nilikuwa na swali jingine, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Je, ulisikia?

Mpaka wa Burundi ulipofunguliwa, mama mkwe na mwanao walikuja mbio hospitalini. Mama mkwe alikukumbatia, akalia, akaigusa bandeji. Na yule muuguzi, kwa moyo mweupe kabisa, akamwambia, "Mushukuru huyu binti. Aliita jina ya muzee mpaka akafungua macho. Hospitali muzima ilisikia." Nikaona uso wa mama mkwe unafungwa. Chakula cha mchana nilichopika siku ile alikiacha kwenye sahani, na cha jioni pia. Kwetu hakuna matusi makubwa kuliko hayo. Mwanao akawa mtu wa kutazama chini, amebanwa kati ya mama na mke.

Tuliporudi Bwegera mama mkwe aliita wazee wa ukoo. Unaukumbuka mkutano ule? Mimi nilikaa nyuma ya mlango, nimeshafunga kitenge changu na sufuria yangu tayari kurudishwa kwetu. Niliwasikia wakisema hiki na kile. Mmoja akasema kulikuwa na haja. Mwingine akasema haja haifuti adabu, mbona angeweza kumtuma daktari amuite. Kisha ndugu yako mkubwa akakuuliza mwenyewe: "Wewe uliyeitwa, ulimsikia akikuita?"

Nikasogeza sikio kwenye ubao wa mlango.

"Mimi sikusikia kitu," ulisema. "Nilikuwa nimelala."

Ndugu yako akasema basi, kama aliyeitwa hakusikia, hakuna aliyeitwa, na watu wanywe pombe yao. Kesi ikaisha namna hiyo. Nikafungua kitenge changu, nikarudisha sufuria jikoni. Lakini mama mkwe aliendelea kula chakula changu kwa ncha za vidole, na mimi niliendelea kujiuliza. Ni kweli hukusikia? Daktari alisema wagonjwa wengi hawakumbuki. Lakini ulifungua macho! Ulinyanyua mkono! Nilikuwa nakutazama miguu unapopita, kana kwamba miguu ingenijibu. Kama hukusikia, basi uliokoka kwa bahati na mimi nilivunja mwiko bure. Kama ulisikia, basi uliwadanganya wazee wa ukoo kwa ajili yangu, wewe ambaye hukuwahi kuiba hata zamu ya maji. Sikujua lipi kati ya hayo ninalitaka zaidi. Na kukuuliza sikuweza.

Ikapita zaidi ya miaka miwili. Vita vilikwenda vikarudi, tukakimbia na kurejea, tundu lako likapona likawa kishimo. Kisha nikajifungua mtoto wa kike. Siku ya kumtoa nje, jamaa walijaa uani, na mwanao, kwa heshima, akakuachia wewe umpe jina. Ulimpokea ukamgeuza huku na huku, ukamgusa utosi pale palipo laini, ukabonyeza kidogo, ukasema, "Huyu naye bado ana tundu lake." Watu wakacheka.

Halafu ukasema, "Anaitwa Minani."

Ndugu yako mkubwa akadhani kichwa chako kimeanza kuvuja tena. Akakwambia kwa uangalifu kwamba huyu ni mtoto wa kwanza, wala si wa saba na mwingine juu yake, na kwamba kwetu mtu hampi mjukuu jina lake mwenyewe, na zaidi ya yote, akauliza, "Mama yake atamuitaje?"

Ukamrudisha mtoto mikononi mwangu.

"Kama alivyoniita mimi," ulisema.

Mama mkwe alikutazama, akanitazama, akakutazama tena. Nilimwona akiielewa habari yote polepole, ile kesi, ile pombe, na mume wake aliyedai amelala. Akashika kiuno. Nilidhani mambo yameharibika kabisa.

"Basi muite," akaniambia, "tumusikie na siye."

Nikamwita.

Pumzika, Baba. Hapa mjini mambo bado ni yaleyale, mpaka unafungwa na kufunguliwa, nasi tunasukumana hivyohivyo. Huyu binti akimaliza masomo anataka kujifunza ule mrija wenye taa, na maswali anayowauliza walimu wake wanajua wenyewe yametoka kwa nani. Mimi nikimtaka jioni nasimama mlangoni na kuita kwa sauti mpaka mtaa wa tatu.

Mkaza-mwana wako,
Mama Minani